Meza Dawa, Usimeze Maneno

Ninyi wadogo zangu wa Mpanda midomo mnayo, nawajua. Mnunuzi wa mahindi akija na mizani yake, gunia halinyanyuliwi mpaka macho yenu yameikazia ile mizani, na mkiitilia shaka mnadai mzigo upimwe upya. Bodaboda akiwatajia nauli ya kutoka stendi mpaka Nsemulwa, mnamshusha hadi anacheka mwenyewe. Aliyechepuka foleni ya maji mnamrudisha nyuma huku mkimtaja kwa jina la baba yake. Sasa niambieni, hiyo midomo huwa mnaiacha wapi mkienda hospitali? Gunia la mahindi lina mtetezi, mwili wako hauna?

Maana nawaona. Daktari anauliza, "Mama, unasumbuliwa na nini?" Unainamisha kichwa, unavuta kanga mabegani, unajibu, "Homa." Kwisha. Anaandika ukapime malaria, unatoka. Lakini asubuhi hiyo hiyo, ukiwa unafagia uwanja, jirani yako alipewa habari nzima: kwamba homa inapanda jioni tu, kwamba ukikojoa kunachoma, kwamba siku zako zimepitiliza na juzi uliona tone la damu likakutisha. Jirani anajua yote, naye hana hata kidonge cha kutuliza maumivu. Daktari mwenye dawa umempa neno moja. Halafu wiki ijayo unaniambia, "Dada, pale hawatibu."

Sikuchapi kwa hilo. Sababu zako nazijua na wala si za ajabu. Tumelelewa hivyo: mkubwa akiongea, mdogo anasikiliza, na mwenye koti jeupe tunamwona mkubwa kuliko wote, hata akiwa kijana aliyemaliza chuo juzi ambaye ungeweza kumzaa. Nyuma yako benchi limejaa, mlango uko wazi, nesi anaingia na kutoka, na jambo lako ni la sehemu za siri. Mwingine anaogopa kuitwa mjuaji. Mwingine alishajibiwa vibaya siku moja, akaapa hatauliza tena maisha yake. Yote hayo ni ya kibinadamu. Ila nakuomba utenganishe vitu viwili ambavyo umevifunga fungu moja, heshima na ukimya. Mwamkie daktari, msikilize bila kumkatiza, usimfokee. Hiyo ni heshima na uendelee nayo. Lakini kutikisa kichwa "ndiyo, ndiyo" kwa jambo ambalo hukulielewa ni kumdanganya mtu anayejaribu kukusaidia. Anakuandikia dawa akidhani mmeelewana.

Wazee wa Karema, kule ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, walikuwa na bahati ambayo wewe huna. Mwaka 1889 alifika kwao Adrian Atiman, Mwafrika aliyezaliwa Afrika Magharibi, akachukuliwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na Mapadri Weupe, wakamsomesha udaktari kisiwani Malta. Akatua Karema, akaoa hapo hapo, akatibu watu mpaka alipofariki mwaka 1956. Hesabu mwenyewe: zaidi ya miaka 60, daktari mmoja, mahali pamoja. Mtu wa namna hiyo anajua mama yako alijifungua vipi na babu yako alikufa kwa maradhi gani. Wewe leo unamkuta daktari aliyehamishiwa Katavi mwezi uliopita, na ukirudi wiki ijayo zamu ni ya mwingine. Ukipoteza daftari lako la matibabu, umepoteza kila kitu. Kwa hiyo anayeijua safari ya mwili wako umebaki wewe. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na hicho kitanda, mdogo wangu, unakilalia wewe peke yako.

Basi tujifunze kusema. Kwanza, acha kwenda na jina la ugonjwa. "Daktari, nina UTI na taifodi." Nani amekupima? Ukimfikia hivyo unamsukuma kwenye njia uliyoichagua wewe barazani, na siku akiwa amechoka anaweza kuifuata. Mpelekee dalili. Imeanza lini. Panauma wapi, mwonyeshe kwa kidole. Inakuja saa ngapi. Nini kinaizidisha na nini kinaipunguza. Umeshameza nini tangu ianze. Kama unajua ukimwona daktari moyo unakwenda mbio na maneno yanakimbia, andika usiku nyuma ya daftari, au mwambie mwanao akuandikie kwenye simu. Kumsomea daktari kutoka kwenye karatasi hakuna aibu yoyote. Anafurahi, maana umempunguzia kazi ya kukuchimba.

Na lile unaloonea aibu ndilo litangulie. Nisikilize vizuri hapa, kwa sababu hapa ndipo mnapoponzeka wengi. Mtu anaingia, anaeleza mafua, anaeleza mgongo, anaandikiwa, anaaga, na akiwa ameshashika kitasa cha mlango ndipo anageuka: "Halafu daktari, kuna kauvimbe kwenye titi." Kauvimbe! Mwenzio ameshaita mgonjwa mwingine. Uvimbe ndio uliokutoa nyumbani, mafua umeyafanya pazia. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na walisema pia mficha maradhi kifo humuumbua. Kama mlango uko wazi, sema, "Daktari, naomba tufunge mlango, jambo langu ni la siri." Kama unaona haya kwa mwanaume, sema, "Naomba kama kuna nesi wa kike awepo." Hayo ni maombi ya kawaida na wamezoea kuyasikia. Huenda siku hiyo nesi wa kike asiwepo, lakini umeomba, na daktari amejua kwamba una la kumwambia.

Lingine ni zile dawa za nyumbani. Wajukuu wa Wabende, Wakonongo, Wapimbwe na Wafipa, nanyi ndugu zangu Wasukuma mliohamia na ng'ombe wenu, wote tuna mizizi na majani yetu, na mimi siyatukani. Ninalokataa ni kuyaficha. Kuna mjamzito anakunywa dawa ya kuongeza uchungu kabla ya kuondoka nyumbani, akifika wodini anaulizwa, "Umetumia kitu chochote?" anajibu, "Hapana." Mkunga anaona uchungu umekuja kwa nguvu zisizo za kawaida, hajui umetoka wapi, pengine anakuongezea dawa nyingine juu yake. Kizazi kinaweza kupasuka, mdogo wangu. Hilo si la kutishana, linatokea. Mkunga hata akikugombeza, ugomvi utapita. Sema ulichokunywa, sema ulikunywa saa ngapi. Vilevile sema kama uko kwenye dawa za ARV, kama una dawa za presha au sukari, kama umechomwa sindano ya uzazi wa mpango, kama kuna dawa iliwahi kukuvimbisha uso au kukutoa vipele. Sema kama ulianza nusu dozi kutoka duka la dawa ukaishia njiani. Wanaokutibu hawana ramli.

Nanyi wadogo zangu wadogo kabisa, mabinti, sogeeni. Mkoa wetu tunaujua. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015/16 ulionyesha kwamba Katavi, kati ya wasichana 100 wa miaka 15 hadi 19, 45 walikuwa wameshazaa au wana mimba ya kwanza. Tuliongoza nchi nzima, kwa jambo ambalo hakuna anayetaka kuliongoza. Kwa hiyo usije ukadhani wewe ni wa kwanza kuingia kliniki na tumbo bila mume pembeni, au kwamba dunia nzima inakutazama. Utaulizwa, "Baba mtoto yuko wapi?" Wanamuulizia kwa sababu wanataka apimwe na yeye. Kama hayupo, amekukimbia au ndiye uliyemkimbia, jibu kwa utulivu: "Sitakuja naye, naomba nipimwe mimi." Usigeuke ukarudi nyumbani kwa aibu ya swali hilo. Mwenzi ni msindikizaji, mimba ni yako. Na kama hofu yako ni kwamba majibu yako yatatembea mtaani, ujue kwamba sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inakataza mtoa huduma kutangaza majibu ya mtu, na tangu ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2019, kijana wa miaka 15 anaweza kupima kwa ridhaa yake mwenyewe. Siri yako ni haki yako kisheria, hupewi kwa fadhila za mtu.

Sasa tuongee juu ya jina lako. Unacheka? Usicheke. Novemba 2007, pale Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam, walilazwa wagonjwa wawili wenye jina la kwanza linalofanana. Mmoja alikuja na goti, mwingine na tatizo la kichwa. Mwenye goti akapasuliwa kichwa, mwenye kichwa akapasuliwa goti. Yule wa kichwa alifariki baadaye, na yule wa goti ilibidi apelekwe India kutibiwa. Nchi nzima ililia. Miaka kumi ikapita, na mwanzoni mwa 2018 majirani zetu Wakenya nao wakashika vichwa: Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi, mgonjwa alifunguliwa fuvu, na baada ya saa kadhaa madaktari wakagundua kwamba bonge la damu walilokuwa wanalitafuta halimo. Aliyekuwa nalo alikuwa mgonjwa mwingine. Hizo ni hospitali kubwa, zenye mabingwa. Sikuelezi haya ili uogope kisu, kwa maana kisu kimeokoa wengi zaidi ya ninaoweza kuwahesabu. Nakueleza ili nesi akiita, "Maria!" usinyanyuke tu. Mpanda hii kina Maria ni wangapi? Jibu, "Maria nani?" Taja majina yako matatu, taja na umri wako. Kabla ya sindano, kabla ya kutolewa damu, kabla ya kitanda chenye magurudumu, sema mwenyewe, "Mimi ni fulani binti fulani, nimekuja kwa ajili ya mguu wa kushoto." Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2008 orodha ya mambo ya kuhakikishwa kabla ya upasuaji, na la mwanzo kabisa ni mgonjwa mwenyewe athibitishe jina lake, sehemu inayopasuliwa na kinachokwenda kufanyika. Kwa hiyo ukijitaja hujaingilia kazi ya mtu. Umefanya sehemu yako.

Na ile fomu wanayokupa usaini kabla ya upasuaji, ile ya ridhaa, usiisaini kama unavyosaini mahudhurio ya mkutano wa kijiji. Kama kusoma kunakupa shida, sema, "Naomba nisomewe." Uliza wanakwenda kutoa nini na kuacha nini. Uliza kama baada ya hapo utazaa tena. Uliza kama kuna njia nyingine na nini kitatokea ukichelewa. Ikiwa hali ni ya dharura watakujibu kwa kifupi na wewe uamue haraka, usiwashikilie kwa maswali ya kikao cha harusi huku mtoto anachoka tumboni. Lakini kama ni upasuaji wa kupangwa, una muda. Ukipewa rufaa ya kwenda Mbeya, usibebe tu karatasi ukaanza kuuza mbuzi. Uliza kwanza: naenda kumwona daktari wa nini, vipimo vya hapa navibeba vipi, nikichelewa wiki mbili nitafute nauli kuna hatari gani? Safari ya kupitia Sumbawanga ni ndefu na pesa ni ya jasho. Kuijua sababu ya safari ni haki yako.

Tuje dirisha la dawa, mahali ambapo mnaharibu kila kitu mlichokijenga ndani. Umepewa kibahasha, juu yake pameandikwa 2x3, mwenye dawa amekwambia harakaharaka, umeitikia, umetoka. Umefika nyumbani Kawajense, umeanza kutafakari: ni vidonge viwili mara tatu kwa siku, au vitatu mara mbili, au ni kwa siku tatu? Mume anasema lake, mama mkwe lake. Mwisho mnapiga kura! Ya kwanza ni idadi ya vidonge, ya pili ni mara ngapi kwa siku, na siku za kumeza uziulize mwenyewe kwa sababu mara nyingi hazipo pale juu. Chukua ile mseto ya malaria. Mtu mzima anameza vidonge vinne, anarudia baada ya muda wa saa nane, kisha vinne asubuhi na vinne jioni mpaka siku tatu zitimie, jumla vidonge 24, na anameza akiwa amekula. Nyie mnameza siku moja, homa ikishuka mnavitunza vilivyobaki kabatini kwa ajili ya mtoto. Halafu malaria ikirudi, lawama kwa dawa. Pale dirishani rudia kwa sauti: "Kwa hiyo hizi nyeupe mbili asubuhi, mchana na jioni, siku tano, hizi za rangi moja usiku. Ndivyo?" Akikosea au ukikosea wewe, itajulikana hapo hapo. Na uliza dalili gani zikukimbize kurudi kabla ya siku uliyopangiwa.

Najua mnachosubiri niseme. "Dada, unaongea rahisi, wewe hujakutana na nesi wa zamu ya usiku." Nimekutana nao wa kila aina. Wapo wanaokushika mkono mpaka unajifungua, na wapo wanaokuuliza kama wakati wa raha uliwaita. Tusidanganyane, matusi yapo, kofi lipo. Watafiti waliwahoji akina mama waliojifungua katika vituo vya wilaya mbili za mkoa wa Tanga, Korogwe na Muheza. Walipoulizwa wakiwa wanatoka kituoni, asilimia 19 walisema walidharauliwa au kuteswa. Walipofuatwa baadhi yao nyumbani wiki kadhaa baadaye, waliosema hivyo walifika asilimia 28. Umeona? Ukiwa bado getini pao, unameza. Ukifika kwako na mtoto wako salama ndipo unakumbuka kwamba yale hayakuwa sawa. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Na hofu yenu nyingine naielewa zaidi ya zote: mji ni mdogo, kituo ndicho hicho hicho. "Nikimsema nesi leo, kesho nikimpeleka mtoto ana degedege atanipokea nani?" Hiyo ni hofu ya mtu mwenye akili, siiiti woga. Ndiyo maana namna ya kusema inahitaji busara. Maneno mazuri humtoa nyoka pangoni. Anza na yeye mwenyewe, palepale, kwa sauti ya chini: "Dada nesi, najua mmechoka na mko wachache, lakini naomba usinitukane, nisaidie." Mara nyingi hiyo inatosha, kwa sababu mtu ambaye amekuwa peke yake wodini tangu jioni naye amesahau kwamba anaongea na mtu. Msijifanye hamlioni hilo: nesi mmoja, vitanda vimejaa, mwingine anaita huku, mwingine anatapika kule. Nawapenda manesi na ninawataka muwapende. Lakini uchovu hauhalalishi kofi, hata siku moja.

Kama haikutosha, kuna ngazi na zipandwe moja moja. Kila kituo kina mganga mfawidhi, mwombe dakika tano. Kina kamati ya usimamizi, na ndani yake wamo wananchi wenzenu, mtafute wa kwenu umweleze. Kina sanduku la maoni. Andika tarehe, saa, wodi na kilichotokea, acha matusi, maana matusi yanamfanya msomaji amhurumie uliyemtukana. Juu yao yupo mganga mkuu wa wilaya au wa manispaa. Wizara ya Afya ina simu ya bure, 199. Na jambo likiwa zito kabisa, lipo Baraza la Madaktari Tanganyika na lipo Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, ambayo yana mamlaka juu ya leseni za watu wao. Msidhani haya ni maneno ya vitabuni. Kule Bungoma, Kenya, mwaka 2013 mama mmoja alijifungulia sakafuni, akazinduka anapigwa makofi na wauguzi. Hakuwa tajiri wala msomi wa kutisha. Alikwenda mahakamani, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ikasema alidhalilishwa, ikaamuru alipwe shilingi milioni 2.5 za Kenya. Ilichukua miaka, ndiyo. Lakini leo mkunga wa Afrika Mashariki akinyanyua mkono, kuna hukumu iliyoandikwa.

Ila jamani, msianzie kwenye simu! Mmeshikwa na ugonjwa wa kurekodi. Ukimwelekezea nesi kamera usoni kabla hujamwomba kitu, umefunga mlango ambao ungefunguka kwa maneno mawili, na nyuma yake unawaanika wagonjwa wenzio waliolala wazi. Hasira hasara.

Pesa nayo inafunga watu midomo. Sera ya nchi inasema mjamzito, mtoto chini ya miaka mitano na mzee wa miaka 60 asiye na uwezo wanatibiwa bure kwenye vituo vya serikali. Najua kwamba wakati mwingine unaambiwa dawa hakuna, kanunue. Hapo uliza, "Hii ndiyo iliyokosekana, au ipo nyingine ya aina hiyo hapa?" Pesa yoyote unayolipa ilipiwe dirishani na upewe risiti. Inayoombwa koridoni, ile ya soda, ile ya "tukuharakishie", haina risiti kwa sababu haina uhalali, na TAKUKURU wanapatikana kwa 113 bila malipo. Na kama huna kabisa, usitoroke wodini usiku na mgonjwa mgongoni. Omba kuonana na afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Kazi yake ni kukusikiliza wewe usiye nacho. Mjamzito akianza kutokwa damu, akaumwa kichwa kikali na macho yakaona maruweruwe, au mtoto akaacha kucheza tumboni, ukiwa huko Ikola au Majimoto usisubiri kukicha eti huna nauli. Piga 115, namba ya M-mama, bure, wanaratibu usafiri wa dharura wa mama na mtoto mchanga.

La mwisho ni kwa ninyi mnaosindikiza. Bibi yako wa Mishamo alikuja nchini na wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972, Kirundi ndicho kinachomtoka akiwa na maumivu. Mama mkwe wako wa Mpimbwe anaongea Kisukuma, Kiswahili anakisikia tu. Ukimsindikiza mtu wa hivyo, kazi yako ni kumtafsiria, na wala hukutumwa kumjibia. Nimewaona wengine: bibi anaulizwa, mjukuu anadakia, "Anaumwa miguu tu huyu, uzee." Wewe umejuaje? Muulize kwa lugha yake, subiri amalize, mpelekee daktari maneno yake yote, hata yale unayoyaona ya upuuzi. Na wewe mume, mkeo akiulizwa swali, acha ajibu. Ukiona amekutazama wewe kabla ya kufungua mdomo, toka nje kidogo ukanunue maji.

Siwatumi mkawe wakorofi hospitalini, na mtu akisema dada kawatuma mkagombane na madaktari, kanisingizia. Nawatuma mkaseme. Mtaongea mkitetemeka mara ya kwanza, sauti itakauka, pengine mtajibiwa mkato. Semeni hivyo hivyo. Na siku ukitoka pale na kibahasha mkononi, ukafika getini ukagundua kwamba hujui unaumwa nini, hujui hizo dawa unamezaje, au hujui urudi lini, usipande bodaboda. Geuka, rudi dirishani, sema, "Samahani, sijaelewa." Akikunja uso, mwache akunje. Nauli ya kurudi kesho hatakulipia yeye.